Siku 172: namna ya kuwasoma Pirates bila kupasuka kichwa

Krismasi ya 2017 nilijinunulia jezi ya Gerrit Cole, namba 45, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) wa Pirates, timu ya besiboli ya hapa Pittsburgh, Marekani, hela yangu mwenyewe ya ovataimu. Tarehe 13 Januari 2018 Cole akapelekwa timu ya Houston. Sikuwahi kuivaa uwanjani hata siku moja, na mama watoto kila akipanga kabati ananiuliza hii nayo tunaigawa au bado unaomboleza. Siku mbili baadaye wakamtoa pia Andrew McCutchen kwenda San Francisco, yaani kipenzi cha mji mzima, watu walikuwa wanaongelea kwenye basi kama kuna msiba.

Sasa juzi shemeji yangu wa Tanga kanitumia voisi WhatsApp, "shem, hiyo timu yako ya besiboli kila nikikuuliza imefungwa, kwanini hawasajili?" Swali zuri, na jibu lake halikai kwenye voisi ya dakika mbili ndo maana naandika hapa. Mi ni mhasibu, nipo Pittsburgh toka 2012, wikendi za kiangazi nachezesha mechi za watoto kama refa, mechi za wakubwa naandika kila mpira kwa penseli kwenye daftari. Mpira naupenda lakini kalenda ndo naielewa zaidi, na hii timu ukitaka kuielewa anza na kalenda.

Kwanza sahau usajili wa Simba na Yanga. Kwenye besiboli ya Marekani timu hainunui mchezaji kwa dau kutoka timu nyingine, wanabadilishana watu kwa watu, inaitwa tredi. Nikupe mrushaji wangu mzoefu, unipe makinda wako wawili watatu. Mchezaji mwenyewe haulizwi, labda awe na kipengele kwenye mkataba au awe na miaka 10 ligi kuu na 5 ya mwisho akiwa timu hiyohiyo. Asubuhi uko Pittsburgh unapeleka mtoto shule, jioni unatafuta nyumba mji mwingine. Na ukishachaguliwa kwenye drafti, ile siku timu zinagawana vijana wa sekondari na vyuo kwa zamu, we ni mali ya timu hiyo kwa miaka.

Miaka mingapi? Hapa ndo penyewe.

Mchezaji anakuwa huru akifikisha miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu. Mwaka mmoja unahesabiwa siku 172, wakati msimu wenyewe una siku kama 187 hivi. Miaka mitatu ya mwanzo wengi wanalipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000 (najua, kwa sisi wengine hicho sio kima cha chini cha kitu chochote), alafu miaka mitatu inayofuata wakishindwana mshahara wanaenda kwa wasuluhishi, ukishatoka hapo unaenda sokoni mwenyewe na ndo unakuta mikataba ya mamia ya milioni. Kwahiyo timu ikimwacha dogo kwenye ligi ndogo, zile za kukuzia vijana, wiki mbili tatu za mwanzo wa Aprili, akimaliza msimu ana siku 171, mwaka haujatimia, na timu inampata misimu 7 badala ya 6. Siku moja tu! Na 171 sijaitunga, Cubs wa Chicago walimfanyia Kris Bryant 2015, wakamuita tarehe 17 Aprili, akamaliza na siku 171 na akawa mchezaji bora chipukizi wa National League, nusu moja ya ligi kuu. Akalalamika rasmi, akashindwa.

Mkataba wa 2022 kati ya chama cha wachezaji na ligi ukaleta dawa kidogo: dogo akiingia wawili bora wa kura ya chipukizi wa mwaka anapewa mwaka mzima hata kama siku zake hazikutimia. Na timu ikimuanzisha dogo tegemeo toka siku ya kwanza ya msimu akashinda tuzo, timu inapewa nafasi ya nyongeza kwenye drafti. Yaani kiboko kwa mkono mmoja, pipi kwa mwingine.

Njoo kwa Paul Skenes sasa. Pirates walimchagua wa kwanza kabisa drafti ya 2023, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini, rekodi wakati huo. Msimu wa 2024 ukaanza, Skenes yuko Indianapolis kwenye timu ya ngazi ya chini anarusha mipira ambayo wapigaji wa kule wanaishia kuisikia tu. Timu ikasema tunamjenga taratibu asije akaumia, na mi nakubali nusu ya hiyo sababu kwa sababu mkono wa mrushaji sio chuma na kijana alikuwa karusha kidogo sana toka atoke chuo. Nusu nyingine ni kalenda. Wakamleta tarehe 11 Mei. Akaanza mechi ya mastaa mwaka huohuo, akamaliza na wastani wa 1.96, maana yake timu pinzani hazipati hata pointi mbili kwa kila mechi nzima akirusha yeye, akawatoa wapigaji 170 kwa straiki (yaani straiki tatu, mpigaji anatoka), akabeba tuzo ya chipukizi. Akapewa mwaka mzima. Kwahiyo hawakupata msimu wa ziada, na kwa vile hawakuanza naye Machi hawakupata nafasi ya drafti pia. Mahesabu ya kubana siku yakazaa sifuri pande zote mbili, na mechi za Aprili ambazo angerusha zimeshapita hizo, hazirudi. Ningekuwa nimefanya hesabu ya namna hiyo kazini bosi angeniita ofisini na mlango ungefungwa.

Watu watasema we unaona baada ya jambo kutokea. Sawa. Lakini 2025 wakafanya hivohivo na Bubba Chandler, mrushaji mwingine moto, akakaa Indianapolis mpaka Agosti wakati sisi huku tumeshakata tamaa toka Mei, kocha Derek Shelton ameshafukuzwa na rekodi ya kushinda 12 kufungwa 26.

Mimi simlaumu sana kocha, kwenye besiboli kocha anapika kwa mboga alizoletewa. Anayeenda sokoni ni meneja mkuu na anayetoa hela ya soko ni tajiri. Tajiri wetu ni Bob Nutting, na uwanjani watu wanaimba auze timu kama vile ni wimbo wa taifa. Ligi haina kikomo cha mishahara, 2025 Dodgers wa Los Angeles walilipa zaidi ya dola milioni 300, sisi hatukufika 100. Hiyo inaumiza na ni kweli, ila mi nakataa kwamba ndo jibu lote, na hapa huwa nagombana na jamaa zangu wote.

Maana kuna tredi moja hela haihusiki kabisa. Tarehe 31 Julai 2018, siku dirisha linafungwa. Pirates walikuwa wametoka kushinda mechi 11 mfululizo, wakajiona wanaume, wakamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay. Tampa Bay jamani, timu maskini kuliko sisi! Archer alikuwa na jina kubwa na mkataba wa bei poa. Walichotoa: Tyler Glasnow, Austin Meadows, na "mchezaji atakayetajwa baadaye". Huyo wa baadaye akatajwa, ni Shane Baz, waliyemchagua wa 12 kwenye drafti ya mwaka uliopita tu. Sokoni nyongeza ni nyanya mbili tatu muuzaji anakutupia kwenye kikapu, sio unamuongezea kuku.

Archer akashinda mechi 6 akafungwa 12 kwa misimu miwili, 2020 akafanyiwa upasuaji hakurusha kabisa, wakaachana naye. Meadows mwaka uliofuata akapiga homurani 33, mipira ya kuvuka uzio kabisa, na kuitwa mechi ya mastaa. Na Glasnow, huyu ndo ananinyima usingizi, kwa sababu hakuwa kinda aliyefichwa, tulikuwa naye hapahapa na tulimwona. Urefu wa kama mlingoti, mpira unakwenda kasi ya ajabu, lakini Pirates wa enzi zile walikuwa na dini yao: kila mrushaji arushe mpira unaozama chini, mpigaji aupige uende ardhini, walinzi waokote. Dini hiyo iliwafaa 2013 mpaka 2015, siikatai, ndo iliyomaliza misimu 20 mfululizo ya kufungwa zaidi ya kushinda. Ila ligi ikabadilika, wapigaji wakajifunza kuuchota mpira wa chini na kuutupa majukwaani, timu nyingine zikahamia mpira wa kasi wa juu usawa wa kifua, sisi tukabaki tunasali palepale. Tampa wakamwambia Glasnow rusha juu, tupa na ule mpira wako unaopinda, basi. Houston wakamwambia Cole karibu maneno hayohayo na 2019 akawatoa wapigaji 326 kwa straiki, alafu Yankees wa New York wakampa milioni 324 kwa miaka 9.

Kwahiyo shem, tatizo pale ni kwamba hawakujua wana nini ghalani. Kama hujui uzito wa gunia lako, aliyekuja na mizani atakupangia bei na utamshukuru.

Niwe mkweli lakini, tredi ya McCutchen iliyonitoa machozi ilituletea Bryan Reynolds, mpigaji safi ambaye 2023 alisaini miaka 8 kwa milioni 106.75, mkataba wa kwanza wa timu kuvuka milioni 100. Na McCutchen mwenyewe akarudi mwaka huohuo, uwanja mzima ukasimama. Kuuza kipenzi cha watu sio dhambi, unauza lini na unachukua nini, basi.

Angalia Milwaukee, mji mdogo, tuko nao kundi moja, hela zao sio za kutisha. Februari 2024 wakamtoa Corbin Burnes, mrushaji bora wao, kabla ya mwaka wake wa mwisho. Desemba wakamtoa Devin Williams kwenda Yankees wakapata, pamoja na mrushaji, dogo mmoja mfupi anaitwa Caleb Durbin ambaye watu walidhani ni chenji, akawa mlinzi wa kituo cha tatu kila siku. Huku Jackson Chourio walishampa miaka 8 kwa milioni 82 kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. 2025 wameshinda 97, hakuna timu iliyowafikia msimu wa kawaida. Sisi tumeshinda 71. Wanauza kama sisi, wanabana kama sisi, ila wao mizani wanayo na wanajua yupi wa kumfunga kwa mkataba mapema na yupi wa kumwachia wakati bei iko juu.

Sasa hivi Pirates warushaji wanajua kuwalea, hilo nawapa, ile dini ya zamani imekufa. Kupiga ndo 2025 hakukuwepo. Skenes mwaka huo alibeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya National League kwa kura zote, wastani 1.97, na rekodi yake ni kushinda 10 kufungwa 10. Kumi! Mtu anazuia mvua kwa mikono miwili na ndani ya nyumba hakuna hata aliyeweka ndoo. Ke'Bryan Hayes waliyemfunga kwa mkataba wa miaka 8 wa milioni 70 alikuwa anazuia kama mashine lakini fimbo ikanyamaza, Julai wakampeleka Cincinnati.

Ndo maana msimu wa 2025 ukiisha macho yote yalikuwa kwa Konnor Griffin. Walimchagua wa 9 mwaka 2024 akitoka sekondari Mississippi, na msimu wake wa kwanza kwenye ligi ndogo, 2025, alipanda ngazi tatu, homurani 21, vituo 65 aliviiba kwa mbio, akiwa na miaka 19. Ningekuwa na ufunguo wa ile ofisi wakati ule ningemwita na wakala wake kesho yake asubuhi, nimpe mkataba mrefu kama wa Chourio na zaidi, na siku akiwa tayari aanze bila mtu kuangalia kalenda. Akifeli tutakula hasara, sawa, Hayes tumemla na hatujafa.

Na kuna kijana mwingine namfuatilia kimyakimya, David Matoma, mrushaji kutoka Uganda, Pirates walimsaini 2023. 2025 alikuwa bado ligi ndogo, anarusha kasi ya kutisha. Nilikuwepo uwanjani Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipoingia, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia bara letu kucheza ligi kuu, jezi ya Pirates hiyohiyo, zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, na kufika kituo cha kwanza. Nikaruka nikamwaga chai yangu yote kwa mzee wa mbele, akageuka akaniangalia, akaona nalia, akanipa leso yake. Novemba wakampeleka Toronto.

Mwanangu ana miaka 9 na anataka jezi ya Skenes, namba 30. Nimepiga hesabu: Skenes anakuwa huru mwisho wa 2029, bei ya jezi gawanya kwa misimu iliyobaki, inalipa. Nikachukua saizi kubwa kidogo ili imtoshe mpaka mwaka huo. Tukiwa kwenye foleni ya kulipa akaniuliza, "Baba, na wakimtredi kabla?" Nikajifanya natafuta kadi.