Je, wajua kwa nini manju wa Kisukuma, yaani mtunzi-mwimbaji wa ngoma, hujitaja jina ndani ya wimbo wake?

Nenda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, msimu wa sherehe za Bulabo mwezi wa Juni. Manju anaimba juu ya mvua, bei ya pamba au jirani mchoyo, na katikati ya mstari linaingia jina lake mwenyewe, mara nyingi na la baba yake pia. Mgeni akisikia husema: huyu anajisifu.

Majigambo yapo, tena ni sehemu ya utamu wa ngoma. Ila kujisifu hakutoshi kueleza jambo hili. Jina hutajwa hata kwenye nyimbo za kulima, ambako hakuna mpinzani wa kutambiwa, watu wameinama na majembe tu. Halafu sikiliza nani anayelitamka. Mara nyingi jina hukaa pale waitikiaji wanapopokea, kwa hiyo manju hulisema mara moja na kundi zima likalirudia. Mtu wa kujisifu angelitaka jina kinywani mwake. Huyu anataka likae vinywani mwa wengine. Na kosa la kuita haya majivuno si dogo, maana linamfanya mtunzi makini aonekane mpiga kelele.

Sababu iko kwenye safari ya wimbo wenyewe. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Si makabila wala koo, mtu hujiunga. Masimulizi, ambayo hayafanani kila mahali, huvirudisha kwa Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19 walioshindana kupima nani ana dawa kali. Hadi leo, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Wimbo uliovuta watu leo, kesho unaimbwa kijiji kingine na mtu asiyemjua aliyeutunga. Enzi za misafara wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikuwa wakiimba njia nzima hadi pwani, na nyimbo zao zikasafiri nao.

Sasa fikiria ng'ombe. Ukimfunga kamba yenye alama yako shingoni, mwizi ataikata usiku, na asubuhi mnadani ng'ombe hana mwenyewe. Ukimpiga chapa kwenye ngozi, ataswagwa popote na chapa ataenda nayo. Kuiondoa ni kumharibu ng'ombe. Kumtangaza mtunzi kabla ya ngoma kuanza ni kamba. Jina ndani ya mstari ni chapa.

Inashikaje? Kwa mapigo. Tuseme manju anaitwa Masanja, mwana wa Luhende: silabi tatu, na tatu tena. Akija Shija kuuchukua wimbo, ana silabi mbili tu. Mstari unabaki na pengo, waitikiaji wanaingia kabla ya zamu yao, na wazee waliouzoea wanageuza shingo. Anaweza kulivuta jina lake lijaze nafasi, lakini mvuto huo ndio utakaomuumbua. Napenda sana ufundi huu: ulinzi umefumwa ndani ya utamu, hauning'inii nje.

Ndiyo maana ningi, kama Wasukuma wanavyomwita mtunzi-mwimbaji, ana kazi tatu kwa mtu mmoja. Huanza kama mwitikiaji au mpiga ngoma, akawa mshairi, na siku wimbo wake unapotoka kijijini huwa tayari ameshakuwa mchapishaji wake mwenyewe. Malenga wa pwani walifanya vivyo hivyo. Mwana Kupona alijitaja mwishoni mwa utenzi wake wa mwaka 1858, na wengi wa watunzi wa tenzi hutaja hata idadi ya beti, ili ubeti ukidondoka ijulikane.

Linganisha na nyimbo za kwaya. Kwenye karatasi jina la mtunzi liko juu, kando ya noti. Wimbo ukitoka kwenye karatasi, jina linabaki nyuma, na waumini huuimba miaka mingi bila kujua ni wa nani.

Siku hizi ngoma hizi ziko YouTube. Mtu anapakua, anabadilisha kichwa cha habari, anapandisha upya kama zake, lakini dakika ya pili waitikiaji wanamtaja mwenyewe. Jina hilo hulinda heshima, halileti pesa. Kwa pesa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria hiyo ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, zile ambazo ni mali ya jamii nzima, na hapo jina lililo ndani ya mstari lina kazi nyingine: linaonyesha kwamba wimbo huu, japo una sauti ya zamani, ulitungwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa baba yake.