Matandiko ya simbilisi wa ndani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji ambaye asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ni mfugo uliozoeleka katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo, ambako mara nyingi hulala jikoni pamoja na kuni na masufuria. Siku hizi zipo pia familia za Dar es Salaam na Nairobi zinazomweka sebuleni, ndani ya kizimba, ili watoto wawe na mnyama wa kumtunza. Wafugaji hawa wawili wana malengo tofauti kabisa, lakini katika suala la matandiko hukosea kwa namna ile ile: huchagua kwa kuangalia bei, uzuri wa macho au mazoea ya banda la kuku, ilhali mnyama mwenyewe anahitaji kwanza miguu mikavu na hewa isiyochoma pua.

"Maranda ni maranda, yatoke kwa fundi yeyote"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu maranda ndiyo matandiko yanayopatikana kwa urahisi kuliko mengine yote, na karakana nyingi za useremala huyatoa bure kwa yeyote aliyekuja na gunia lake. Tatizo ni kwamba ndani ya gunia hilo moja huchanganyika vitu visivyohusiana. Yamo maranda ya paini kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi. Yamo ya miti migumu kama mvule na mninga. Umo unga wa MDF (mbao za viwandani zilizoshindiliwa kutokana na nyuzi za mbao) na plaiwudi, ambazo kwa kawaida hugandishwa kwa gundi yenye kemikali ya formaldehaidi. Na yamo maranda ya mbao za kuezekea zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromi na aseniki, ambayo ni sumu, na shaba ndiyo huipa mbao ile rangi ya kijani inayojulikana na kila mjenzi. Kwa kuwa simbilisi hutafuna anachokilalia, maranda yenye chembe za kijani hayafai hata kama ni makavu na hayana vumbi. Mvule nao, pamoja na heshima yake yote katika milango na makabati, una vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua cha seremala mwenyewe, sembuse kiumbe mwenye uzito usiozidi kilo moja na kidogo.

Paini yenyewe inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wapo wanaoikataa kabisa na wapo wanaoitumia bila kuuliza. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Elliot Vesell, alionyesha kwamba panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi mwekundu na ya paini walizinduka haraka kuliko kawaida baada ya kupewa dawa ya usingizi, kwa kuwa mvuke wa mbao hizo ulikuwa umeyachochea maini yao kuivunja dawa upesi. Walipohamishiwa kwenye maranda ya miti migumu isiyo na harufu, hali ilirejea kama ilivyokuwa. Utafiti huo ulifanywa kwa panya wala si kwa simbilisi, lakini unaeleza vizuri kwa nini harufu tamu ya mbao mbichi si dalili ya usafi. Kinacholeta madhara ni mafuta yanayopeperuka kutoka kwenye utomvu, na mafuta hayo hupungua sana mbao ikikaushwa kwenye tanuru. Kwa hiyo paini iliyokaushwa vizuri ni matandiko mazuri, ilhali paini mbichi inayonata vidoleni haifai. Mwerezi, pamoja na mtarakwa wetu wa nyanda za juu wenye mbao nyekundu na harufu kali, uachwe kabisa.

Anayechukua maranda kwa fundi amuulize alikuwa akiranda mbao gani siku hizo, kisha achote kiganja kimoja na kukifinya. Yakibaki na unyevu, yakinukia utomvu au yakiacha unga mweupe kwenye mistari ya kiganja, hayako tayari. Yaliyo mabichi huanikwa juani mpaka harufu ife. Yenye unga huchekechwa nje ya nyumba kwa chekeche ya matundu madogo, na unga unaoanguka chini ndio unaotupwa. Vumbi la msumeno, ambalo baadhi ya watu hulipendelea kwa ulaini wake, ndilo baya kuliko yote. Simbilisi hupumua kwa pua, mdomo haumsaidii katika hilo, na pua hiyo iko sentimita chache tu juu ya matandiko mchana kutwa. Anayeishi juu ya vumbi huanza kwa chafya na macho yenye majimaji, kisha hupata urahisi wa kushikwa na nimonia, ugonjwa ambao humuua upesi.

"Kinachomfaa kuku kinamfaa simbilisi"

Pumba za mpunga hutandazwa katika mabanda ya kuku kila mahali, na mtindo wa kuziacha kwa miezi kadhaa huku zikigeuzwa na kuongezewa nyingine juu unafanya kazi vizuri kwa kuku. Kuku, hata hivyo, hatoi mkojo kama wanyama wengine. Uchafu wake wote hutoka pamoja na hukauka ukitawanywa. Simbilisi hukojoa sana kwa umbo lake, tena hupenda kurudia kona zile zile, na ganda la mpunga ni gumu, lina madini mengi ya silika, na hunyonya maji kidogo tu. Mkojo hupita katikati ya maganda na kutuama chini, juu pakionekana pakavu. Ncha zake nazo huchoma macho, na kwa madume vipande vidogo hunasa sehemu za siri na kuleta uvimbe. Mabua na magunzi ya mahindi yaliyosagwa yana kasoro nyingine: huota ukungu haraka, na yakiliwa kwa wingi huweza kuziba utumbo.

Tuongeze hapa mchanga wa choo cha paka, ule unaogandamana ukilowa, ambao hauna nafasi kabisa katika kizimba cha mnyama anayeonja kila kitu, kwa kuwa hugandamana tumboni kama unavyogandamana kwenye beseni la paka.

"Nyasi zinatosha, atazila na kuzilalia"

Wazo hili lina ukweli nusu. Nyasi kavu ni lazima ziwepo muda wote, kwa sababu meno ya simbilisi hayaachi kukua na ni kutafuna nyasi kunakoyasaga, lakini kama matandiko nyasi hazinyonyi vya kutosha, na zikishalowa mkojo mnyama hula chakula kilichochafuka. Mabua ya ngano au shayiri ni magumu zaidi na humchoma macho anapojipenyeza ndani yake. Nyasi ziwekwe upande mmoja, juu ya tabaka linalonyonya au ndani ya kihori, na ziwe zimekauka kweli. Zile zilizofungwa zikiwa na umande huvunda katikati ya mtumba bila mtu kuona.

"Pasiponuka ni pasafi"

Pua ya binadamu ni shahidi mbaya katika jambo hili. Bakteria huuvunja mkojo na kutoa amonia, na mtu anayeishi na harufu hiyo kila siku huizoea mpaka asiisikie tena, huku mnyama akiivuta pale pale inapozalishwa. Amonia huchubua utando wa pua na wa njia ya hewa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Kuimwagia kizimba manukato, kuweka nafthalini pembeni au kununua matandiko yaliyotiwa harufu ya maua hakupunguzi amonia hata kidogo. Humwongezea mnyama kero ya pili juu ya ile ya kwanza.

Jikoni, ambako simbilisi hulala juu ya sakafu ya udongo, zipo imani mbili za zamani zinazohusiana na jambo hili. Ya kwanza ni kwamba moshi hufukuza wadudu na kukausha mahali anapolala. Wadudu wachache huenda wakakimbia, lakini mapafu yanayovuta moshi kila jioni hulipa gharama yake, na udongo uliokwisha kunywa mkojo haukaushwi na moshi. Ya pili ni kunyunyiza majivu ili kuua viroboto na kumaliza harufu. Majivu ni vumbi, na zaidi ya hapo yana asili ya alkali, na alkali ndiyo inayoharakisha amonia kutoka kwenye mkojo na kuingia hewani. Chokaa hufanya vivyo hivyo. Mwenye jiko la aina hiyo atafanya vizuri zaidi kuinua kipande cha sakafu kwa mbao, mbali na mafiga, na kutandaza maranda makavu yanayoweza kukusanywa na kupelekwa bustanini, ambako mbolea hiyo inafaa sana.

Kipimo cha kuaminika ni mkono. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, kibonyeze kwa kiganja kwenye kona anakolala, uhesabu mpaka kumi na ukitazame. Kikitoka na unyevu, kona hiyo ibadilishwe leo hata kama nyumba nzima inanukia vizuri. Kona zilizolowa huondolewa kila siku, na matandiko yote hubadilishwa walau mara moja kwa wiki, mara mbili ikiwa wanyama ni wengi au kizimba ni kidogo. Ule utando mweupe unaobaki kwenye plastiki baada ya kuosha si sabuni. Mkojo wa simbilisi hubeba chokaa ya kalisiamu kwa wingi, na siki kidogo iliyoachwa kwa dakika chache huiondoa.

"Flisi hufyonza mkojo"

Flisi, kile kitambaa chepesi cha poliesta cha masweta na mablanketi yanayojaa katika masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, imependwa na wafugaji wa mjini kwa sababu haina vumbi na hutumika tena na tena. Lakini poliesta hainywi maji. Kazi yake ni kuupitisha mkojo uende chini, na chini kukiwa na plastiki tupu, mnyama atasimama dimbwini. Lazima pawepo tabaka la pili linalonyonya, kwa mfano taulo nzito za pamba au magazeti yaliyokunjwa mara kadhaa. Flisi mpya hufuliwa mara chache kabla ya kutumika ili iache kukataa maji, na isitiwe dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa hiyo huirudishia hali ya kukataa maji. Pindo zenye nyuzi zilizolegea zikatwe, maana uzi hujifunga kwenye kidole au mguu na kuuzuia damu kupita. Kinyesi hufagiliwa kila siku, na kitambaa hufuliwa kila baada ya siku tatu au nne. Kwa nyumba isiyo na maji ya uhakika, maoni yangu ni kwamba maranda ni nafuu kuliko flisi, hata kama flisi yenyewe ilitolewa bure.

Kuhusu magazeti, hofu ya sumu ya wino imepitwa na wakati kwa kiasi kikubwa. Kasoro yake ni kuteleza na kulowa upesi yakiwa peke yake. Yawe chini, si juu, na karatasi zinazong'aa za majarida ziachwe.

"Sakafu ya waya hujisafisha yenyewe"

Kinyesi huanguka, ni kweli, ila nyayo za simbilisi hazina manyoya, na waya huzikandamiza usiku na mchana. Vidole hunasa, miguu huvunjika, na ngozi ya nyayo za nyuma huanza kuwa nyekundu, kisha huvimba na kutunga usaha. Madonda hayo huja haraka zaidi kwa mnyama mnene, kwa anayelala palipolowa, na kwa aliyekosa vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza. Tabaka la sentimita tano hadi saba la maranda linatosha, kwani simbilisi hachimbi mashimo. Makete na Njombe, ambako Juni na Julai huleta baridi kali, aongezewe nyasi kavu za kujipenyeza. Dar es Salaam na Mombasa, joto likipita nyuzi 28, tabaka liwe jembamba kidogo na libadilishwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa matandiko machafu yanayooza hutoa joto lake mwenyewe.

Nyayo zitazamwe kila wiki wakati wa kubadilisha matandiko. Zikiwa nyekundu tu, sakafu laini na kavu huzirejesha. Zikiwa na kidonda, aende kwa daktari wa mifugo, na asipewe amoksilini iliyobaki kabatini, kwa sababu dawa za jamii ya penisilini zinapomezwa huua bakteria wema wa tumbo la simbilisi, na mara nyingi humuua mwenyewe.