Je, wajua kwa nini visu vingi vya makomando wa Uingereza havina jina la kiwanda, na rangi yake ndo inakuambia ni vya toleo gani?

Kama ushawahi kushika kisu cha zamani ukaona kabisa hiki ni cha kiwandani, sio cha mhunzi, halafu ukakigeuza geuza hupati jina popote, hauko peke yako. Hebu tumchukue maarufu kuliko wote, Fairbairn-Sykes, kisu cha makomando wa Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Jina lake limetoka kwa William Fairbairn na Eric Sykes, jamaa waliokuwa kwenye polisi wa Shanghai, Novemba 1940 wakakaa chini na kampuni ya Wilkinson Sword wakakichora, na 1941 vikaanza kutoka.

Vile vya kwanza kabisa vina jina, tena limeandikwa vizuri kwenye ubapa karibu na mpini. Shida ni kwamba lile jina halikugongwa kwa muhuri wa chuma, liliandikwa kwa asidi, na asidi haiingii ndani sana, kwahiyo mwanajeshi akinoa noa na mjukuu wake akija na msasa miaka 50 baadaye jina linaondoka lote. Sasa hapo una kisu kilichozaliwa na jina ila kimezeeka bila jina.

Vingine havikuwahi kuwa nalo. Vita ilivyopamba moto oda zikawa nyingi, karakana za Sheffield, mji wa Uingereza unaojulikana kwa visu, zikaingia kazini, na serikali haikuwa na haja ya matangazo ya mtu, ilichotaka ni kujua kisu kimekaguliwa. Ndo maana kwenye kinga ya mkono unaweza kukuta kamshale kadogo na namba. Watu wengi wanadhani hiyo ni alama ya kiwanda, hapana, mshale maana yake mali ya serikali ya Uingereza na hizo namba ni za mkaguzi.

Haya, jina hakuna, unakisomaje? Mimi naanza na mpini, tena pale palipochubuka. Toleo la kwanza na la pili mpini ni shaba ya njano iliyochongwa mistari inayokatizana, kwahiyo rangi ikilika unaona unjano chini yake. Toleo la tatu, lililoanza 1943, mpini umezungukwa na pete pete, na huo haukuchongwa, umemiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wenye zinki, maana shaba ilikua inatakiwa kwenye risasi na mizinga. Ule wa kumiminwa ulipakwa shaba nyekundu kwanza ndo ukatiwa weusi, so ukichubuka unatoa wekundu kidogo na chini zaidi ni kijivu. Sumaku haitakusaidia hapo, haishiki wala huu wala ule. Angalia pia karibu na kitako cha mpini wa pete, mara nyingi kuna katarakimu kadogo kati ya 1 na 4, hiyo ni namba ya kalibu tu.

Ubapa nao una mambo yake. Vya mwanzo ubapa uling'arishwa tu, nikeli, ile yenye weupe wa unjano wa mbali sana, ilipakwa kwenye mpini. Lakini kitu kinachong'aa usiku kwa mtu anayenyemelea adui ni balaa, wakahamia kwenye weusi. Weusi huo kwa kawaida sio rangi ya kopo, ni chuma chenyewe kimechemshwa kwenye dawa mpaka juu yake pakageuka, ni ndugu wa kutu ila huyu ni mweusi na ameshikana na chuma. Haubanduki, unafifia taratibu, hasa kwenye ncha na kingo ambako ala inasugua kila kisu kikitoka na kuingia. Ukiona weusi unatoka kwa magamba basi hiyo ni rangi, kuna mtu kapiga brashi.

Ukikuta limegongwa neno ENGLAND, usikimbilie kulipa hela ya kisu cha vita. Marekani tangu 1890 ina sheria kwamba bidhaa ya kuingizwa lazima itaje nchi ilikotoka, kwahiyo neno hilo mara nyingi linaonyesha kisu kilitengenezwa baada ya vita kwa ajili ya kuuzwa nje.

Na muuzaji akikuapia weusi ni wa kiwandani, omba tochi uchungulie vishimo vya kutu. Kutu hula rangi inapoanza, kwahiyo kishimo kikiwa cheusi tii mpaka ndani sawasawa na sehemu nyingine, weusi umekuja baada ya kutu, hapo shusha bei.