"Lakini Fundi, Haijatumika!"

Mwalimu aliileta pikipiki yake asubuhi, ikisukumwa na wajukuu wawili mpaka kibandani kwangu hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Matairi yamekaa chapati, buibui amejenga ndani ya taa. "Fundi, bonyeza stata uone. Kimya! Na betri hii niliinunua mpya, nikaendesha miezi miwili, mguu ukavunjika, pikipiki ikakaa ndani. Mwaka na nusu. Betri haijatumika."

Nilimwamkia, nikampa kigoda, nikameza jibu langu la kwanza, maana huyu ndiye aliyenifundisha hesabu. Lakini hiyo ilikuwa "haijatumika" ya nne mwezi huu, na kwa kuwa mwalimu siwezi kumfokea, nawafokea ninyi.

Betri si sufuria. Sufuria uitundike ukutani mwaka mzima, siku ya kuishusha ni ile ile. Betri ya asidi haijui likizo. Plati zake, bamba za madini ya risasi, zimo ndani ya asidi saa ishirini na nne, na zinapoteza chaji polepole hata swichi ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Penye ubaridi, upotevu huo ni asilimia chache kwa mwezi. Joto likipanda nyuzi 10, unakaribia kuwa maradufu. Sasa niambie chumba cha mabati hapa mpakani mchana kina nyuzi ngapi.

Na kuisha chaji ndio mwanzo tu wa ubaya. Betri ikiisha, plati zake zinafunikwa na sulfeti ya risasi. Hiyo ni kawaida, kila betri inayotoa umeme hufanya hivyo, na chaja huiondoa ikiwa bado changa. Ukiiacha wiki, miezi, inageuka fuwele ngumu kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni, na hapo umeme unagonga bila kuingia. Kwa hiyo betri ya mwalimu ilimalizwa na kuachwa tupu. Kijana wa boda anayezunguka hapa mpakani tangu alfajiri, honi kila hatua, betri yake hudumu kuliko ya mwalimu kwa sababu kila siku inapata chakula. (Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa huku kwetu, enzi za baiskeli za kuvusha watu toka mpaka hadi mpaka. Hizo hazikuwa na betri. Raha iliyoje.) Mwaka 2020, boda za upande wa Uganda zilipozuiwa kubeba abiria kuanzia Machi hadi Julai, miezi minne tu, benchi langu lilijaa betri za watu waliokuwa na uhakika kwamba pikipiki zao "zimepumzika".

Kuna na kupe. Pikipiki nyingi siku hizi zina alamu, na zile za mkopo zina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya kiti. Kinakunywa kidogo, lakini hakilali. Chukua miliampea 20, zidisha kwa saa 24, ni karibu nusu ya Ah (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) kwa siku. Betri ya Ah 5 imekwisha ndani ya siku kumi au kumi na moja. Mwalimu alizidisha kichwani kabla yangu, kisha akasema yake haina alamu. Sawa, lakini wewe unayesoma pengine unayo. Chomoa waya wa negativu kwenye betri, pachika mita ya ampea kati ya waya na taminali, swichi ikiwa imezimwa. Ukiona kitu kinasoma, kuna anayekula.

Sasa tufike kwenye kinachonichosha zaidi. Mjukuu mmoja, msomi, alikuwa na mita yake ndogo. Akapima, akatangaza: "Ina 12!" Kana kwamba ameshinda kesi.

Volti 12 ni jina la betri, usilichukue kuwa afya yake. Sele moja, yaani chumba kimoja cha betri, ikijaa ina takriban volti 2.1, sele ziko sita, kwa hiyo betri iliyojaa na kutulia saa kadhaa inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 kamili, ambayo watu wanaishangilia, ina kama robo. Ikigoma kwenye 10.5 hata uichaji usiku kucha, hesabu sele moja imekufa na uanze kutafuta pesa. Na hata hizo namba zinadanganya. Betri yenye ukoko niliyoieleza ukiichaji nusu saa itakuonyesha 12.7 safi kabisa, kwa sababu mita haibebi mzigo wowote, inachungulia tu. Weka mzigo. Bonyeza stata huku mita ikiwa kwenye taminali. Nzima itashuka kidogo na kushikilia juu ya 10 hivi. Ya mwalimu, baada ya kuichaji kidogo, ilianguka hadi 5 na kitu, stata ikalia tik, basi. Kama huna stata, washa taa, shika breki na indiketa pamoja, uangalie namba inakimbilia wapi.

Je, ile ya zamani inafufuka? Hapa niseme ukweli. Nimewahi kuichaji betri ya aina hii polepole siku mbili, kwa umeme mdogo sana, ikarudi na ikafanya kazi mwaka. Nyingine ya umri ule ule, rangi ile ile, ilichemka tu na kunuka. Siwezi kukuambia mapema ipi itakubali. Ninajaribu kwa sababu chaja ipo, ila sitozi pesa kwa majaribio, na sikuahidi kitu.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba hafufuliwi mtu kwa kumnywesha asidi. Ugonjwa huu unatokana na neno letu wenyewe. "Maji ya betri" kwa duka moja ni maji safi yaliyotoneshwa, kwa duka la jirani ni asidi, chupa zinafanana, na muuzaji ni mtoto wa shule yuko likizo. Betri inapofanya kazi na kuchajiwa, kinachopotea ni maji. Asidi inabaki humo humo. Ukiongeza asidi juu ya asidi, nguvu inazidi kipimo, mita inapanda, wewe unafurahi, plati zinaliwa. Kwa hiyo betri inayotumika iliyopungua ongeza maji yaliyotoneshwa tu, hadi mstari wa juu, usipite. Si ya kisima, si ya kuchemsha, si ya chupa ya kunywa, hayo yana madini. Ya mvua? Wazee hapa walitumia, nami nimewahi kutumia nikiwa nimekwama kijijini, na betri ile haikulalamika. Lakini maji yaliyopita juu ya mabati yenye kutu siyapendekezi, na usiseme nilikutuma.

Tukaenda kununua mpya. Mwalimu akaokota moja rafuni iliyofungwa kabisa, ya wenyewe wanayoiita "drai", ambayo ndani yake ina asidi kama nyingine zote, ila imenywewa kwenye matambara ya kioo. Nikageuza, tarehe ya kiwandani ilikuwa imezidi miaka miwili. Nikamwambia, mwalimu, hii nayo haijatumika. Alicheka, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Betri iliyojazwa kiwandani inazeeka dukani kama ilivyozeeka nyumbani kwako. Pima kabla ya kulipa; ikisoma chini ya 12.4 irudishe rafuni, muuzaji anune. Betri pekee inayostahili sifa ya "haijatumika" ni ile inayouzwa kavu, asidi ikiwa kwenye chupa zake pembeni, vifuniko havijafunguliwa. Hiyo inaweza kukaa muda mrefu, maana kazi haijaanza. Tulichukua hiyo.

Na hapa ndipo mafundi wenzangu wanapoua betri mpya kwa haraka. Wanamimina asidi, wanafunga, wanamwambia mteja "safari itaichaji". Betri kavu ikimiminwa asidi inaamka, lakini haijajaa. Iache nusu saa mpaka saa moja plati zinywe, ongeza kama imeshuka, kisha ichaji kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: Ah 5 kwa nusu ampea, saa kadhaa, polepole. Chaja ya gari ya ampea 10 itaipika. Uzito wa asidi ukilinganishwa na maji vitabu vinaandika 1.28, wengine kwa nchi za joto wanashauri ipungue kidogo. Mimi natumia inayokuja na betri na sijawahi kukosa usingizi. Mwalimu aliambiwa arudi kesho, akanuna kidogo, akarudi.

Kufunga ni kazi ndogo. Kutoa, anza na negativu. Kurudisha, malizia na negativu, ili spana ikigusa chasi isikurushie cheche. Toa kizibo cha tundu la hewa, kile kidogo cha mpira ambacho watu huona haya kukitupa. Betri ikifungiwa hewa inavimba. Bomba lake literemke mbali na cheni. Pikipiki za zamani sana, za miaka ya sabini, nyingi ni za volti 6, soma kwenye balbu kabla hujanunua ya 12 na kuunguza kila taa. Ile mbovu usimwage asidi yake mtaroni. Mpe mnunuzi wa chakavu ikiwa nzima nzima.

Kisha, injini ikiwaka, pima tena. Ukipandisha mlio, volti zikae kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Zikibaki chini ya 13, koili inayozalisha umeme au rektifaya inayougeuza uweze kuingia kwenye betri hailishi, na betri yako mpya itarudi kwangu baada ya mwezi. Zikipita 15, inalishwa kupita kiasi na itachemka. Nusu ya betri ninazobadilisha zilikufa kwa sababu hii na si kwa kosa la betri yenyewe, na sijui kwa nini hakuna anayeniuliza.

Nimesema ikiwaka. Siku ya kwanza nilimuuliza mwalimu: "Na kiki je?" Akasema kiki nayo kimya. Sikupenda jibu lile. Pikipiki nyingi za aina yake cheche inatoka kwenye koili ya sumaku, haitoki kwenye betri, kwa hiyo kiki ingewaka hata betri ikiwa dukani. (Nyingine zinategemea betri, sikatai, usiniandikie.) Nilimwambia pengine kuna ugonjwa mwingine. Akapunga mkono: kwanza betri.

Tukafunga, akabonyeza stata mwenyewe. Injini ilizunguka kwa nguvu, vizuri kabisa, mpaka wajukuu wakapiga makofi. Ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Nikafungua bakuli la kabureta. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai, kinanuka vanishi, na jeti, kitundu cha kupitisha petroli, imeziba.

"Mwalimu, petroli hii ni ya lini?"

"Ile ile. Nilijaza tangi siku moja kabla ya mguu kuvunjika. Haija..."

Akanyamaza, akamtuma mjukuu akalete mpira wa kuinyonyea.