Mkojo wa mjamzito uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza

Kazi yangu katika maabara hapa Mwanza ni kuotesha vimelea (bakteria) vya maambukizi ya njia ya mkojo, na sampuli inayonitia mashaka kuliko zote ni mkojo wa mama mjamzito ambaye fomu yake inaeleza kwamba ameanza dawa siku tatu zilizopita. Pengine amevuka ziwa kutoka Ukerewe baada ya kumeza amoksilini ya dukani, akapata nafuu, kisha homa ikarudi. Sahani ya kuoteshea ikibaki tupu, siwezi kutambua kama vimelea vimekufa au vimefifishwa tu.

Ujauzito wenyewe huvifungulia njia: homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mfuko wa uzazi nao huikandamiza, hivyo mkojo hutuama na vimelea vya kibofu hupanda hadi kwenye figo, hali inayoweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Wapo wanaokuwa na vimelea zaidi ya 100,000 katika kila mililita ya mkojo bila kusikia maumivu yoyote.

Kinachoota mara nyingi ni Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Baadhi yake hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja penisilini na hata seftriaksoni, sindano ambayo, kwa maoni yangu, tumeizoea kupita kiasi. Jeni za vimeng'enya hivyo hukaa kwenye plazimidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka kimelea kimoja hadi kingine, hata cha jamii nyingine kama Klebsiella. Ndiyo maana mama ambaye hajawahi kuchomwa seftriaksoni anaweza kubeba usugu huo na kumwambukiza mtoto anapojifungua.

Kwa mgonjwa mwingine tungefikiria antibiotiki ya siprofloksasini, lakini kwa mjamzito kwa kawaida huepukwa. Nitrofurantoini hufaa kwenye kibofu, si kwenye figo, kwa kuwa haifiki ya kutosha katika nyama ya figo. Meropenemu, inayoweza kuua vimelea hivyo sugu, hupitishwa kwenye mshipa, na si kila kituo kinayo.

Sisemi mama mwenye homa kali asubiri majibu, ambayo huchukua siku 2 hadi 3. Mkojo ukishachukuliwa, dozi itolewe papo hapo, na majibu yatumike kubadilisha dawa ikibidi. Uwe mkojo wa katikati, yaani unaokingwa baada ya ule wa mwanzo kumwagwa, ndani ya chupa tasa isiyo na vimelea, na usipoweza kufika maabara ndani ya saa 2 uwekwe kwenye friji, si dirishani.