Feni iliyoganda kwenye shafti: yanayosemwa na yalivyo

Mota ya kiyoyozi cha darini imeungua, mota mpya iko mezani, kilichobaki ni kuhamisha feni tu: lile pipa la bati lenye mapezi mengi membamba. Hapo ndipo kazi ya nusu saa hugeuka ya siku mbili, hasa huku Pwani ambako upepo wa bahari hautuachii chuma kikavu. Nimezima umeme kwenye swichi kuu na kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme wa mota, nimeitoa chaji, tuendelee.

"Ukishalegeza skrubu, feni inateleza yenyewe."

Ingekuwa hivyo kama shafti, ule mhimili wa mota unaozungusha feni, ingekuwa safi. Skrubu ya kitovu cha feni, kile kipande cha katikati kinachovaa shafti, hukaa kwenye upande bapa wa shafti. Aliyeifunga kwa nguvu kupita kiasi alitoboa kishimo, na kingo za kishimo hicho zimeinuka. Kitovu kimetengenezwa kukaa kwenye shafti karibu bila nafasi, kwa hiyo uvimbe mdogo tu unakizuia. Ongeza kutu, ambayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Na kabla ya kulaumu kutu, mulika tochi kitovuni: vingine vina skrubu mbili. Nimewahi kuhangaika asubuhi nzima kumbe ya pili imejificha chini ya vumbi.

"Isipotoka, piga nyundo."

Hii ndiyo imeharibu mota nyingi nilizoletewa. Ncha ya shafti ikipigwa hupanuka kama uyoga, na sasa kitovu hakipiti hata kutu ikiisha. Kila pigo hupita pia kwenye beringi, zile gololi zikaacha alama kwenye njia yake, nawe utasikia mkwaruzo baada ya wiki chache. Ukilipiga pipa lenyewe, linapinda, na pipa lililopinda hutikisika mpaka dari ilie. Humo kwenye mapezi utaona pia vibano vidogo vya chuma. Si uchafu, usiving'oe: ni uzito uliowekwa kiwandani kusawazisha feni.

Kwanza jiulize unaokoa nini. Kama mota imekufa na unachotaka ni feni, kata shafti kwa msumeno wa chuma katikati ya mota na kitovu, kisha kaa na pipa lako mezani ukisukume nje kile kipande kwa utulivu. Wateja hushtuka wakiona msumeno, lakini maiti haiumii.

"Puliza WD-40, vuta."

Jina la mafuta hayo lilitokana na kazi ya kufukuza maji, kwa Kiingereza "water displacement", na 40 ni jaribio la arobaini, San Diego, mwaka 1953. Inasaidia, ila mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu hufanya vizuri zaidi, na hayo nayo yanataka muda. Pulizia jioni, rudi asubuhi. Tena usianze nayo: sugua kwanza kwa msasa sehemu ya shafti iliyo wazi mpaka ing'ae, maana ndiyo barabara ambayo kitovu kitapita.

Na usivute kwanza. Sukuma! Kisogeze kitovu kuelekea mota milimita chache kama kuna nafasi, ile sehemu iliyotobolewa na skrubu itokeze, uipige tupa ilingane na upande bapa. Kisha shika shafti kwa spana na uzungushe kitovu huku na huku, kama tundu lake ni la duara. Kikishaanza kuzunguka, kazi imekwisha. Kikigoma, tumia pula, kile kifaa cha kucha cha kung'olea, lakini kucha zake zishike kitovu chenyewe, si lile bati jembamba la nyuma.

"Moto ndio dawa."

Wakati mwingine, kwa kitovu cha chuma. Tundu la nusu inchi likipata joto la nyuzi 150 zaidi hupanuka takriban milimita 0.02, tena iwapo shafti bado ni baridi. Ukichelewa, vyote viwili vimepanuka na hujapata kitu. Feni ya plastiki usiiguse kwa moto, na mafuta uliyopulizia jana yanawaka. Bati lenye zinki nalo hutoa moshi wa kuumiza kifua.

"Ukiirudisha kinyume, itavuta badala ya kusukuma."

Hapana, na ndiyo maana kosa hili halionekani haraka. Pipa la aina hii hata likizunguka kinyume hutoa hewa mlango uleule, ila dhaifu. Mteja analalamika chumba hakipoi, fundi anaongeza gasi. Piga picha kabla hujafungua, pima kitovu kiko umbali gani kutoka ncha ya shafti, paka grisi kidogo, kisha kaza skrubu kwenye upande bapa, si penye duara.