Hesabu miezi, si mahudhurio: muundo wa uhusiano kwenye vipimo vya presha

Tuseme wagonjwa wa kliniki wamepimwa presha mwanzoni, kisha mwezi wa 1, 2, 3, 6 na 12. Vipimo vya mtu mmoja hufanana, na modeli lazima ielezwe vinafananaje: huo ndio muundo wa uhusiano (uhusiano wa 0 ni kutofanana, 1 ni kufanana kabisa). Ukivichukulia kama vya watu tofauti, dawa isiyosaidia inaweza kuonekana inasaidia.

Kosa ninalolikuta sana ni AR(1), muundo ambao uhusiano hufifia kwa kila hatua, iliyopewa namba ya hudhurio badala ya muda. Uhusiano wa vipimo vilivyopishana mwezi 1 ukiwa 0.8, vilivyopishana miezi 6 hubaki na 0.8 kwa kipeo cha 6, yaani takriban 0.26. Lakini hudhurio la 5 na la 6 yanafuatana kwenye rejesta, kwa hiyo programu inayapa 0.8 ileile! Kwenye R (programu ya takwimu), corCAR1 ya kifurushi cha nlme husoma miezi yenyewe.

Hata hivyo, uhusiano wa vipimo vya presha haushuki hadi sifuri hivyo. Mwenye presha ya kupanda hubaki juu ya wenzake mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mimi hutoshea wastani kwanza (dawa, muda, umri), nachukua mabaki (kipimo halisi toa makadirio ya modeli), napanga jozi kwa tofauti ya miezi na kuchora uhusiano wake. Mstari ukishuka kisha ukatulia juu ya sifuri, mpe kila mgonjwa kiwango chake cha kuanzia, uongeze kufifia kwa muda. Ukianza chini ya 1 hata kwa vipimo vya karibu sana, hapo kuna kelele ya mashine na mkanda: tumia corExp (pia ya nlme, hufifisha uhusiano kwa muda) yenye nugget, yaani sehemu ya kelele hiyo.

Muundo huru kabisa, unaoipa kila jozi ya mahudhurio uhusiano wake, unadai kukadiria namba 15 kwa mahudhurio 6, na 66 kwa 12. Wagonjwa wakiwa wachache, achana nao. Unapolinganisha miundo kwa AIC (alama ya ubora wa modeli, ndogo ni bora), tumia REML (njia ya kukadiria tofauti na uhusiano) na usibadilishe sehemu ya wastani.

Kwa GEE, njia nyingine ya kuchambua vipimo vya kurudiwa, makosa sanifu imara (vipimo vya mashaka visivyotegemea muundo kuwa sahihi) hukuokoa muundo ukikosewa, ila wagonjwa wakipungua chini ya 40 hivi huwa madogo mno. Weka sahihisho la wanatakwimu Mancl na DeRouen. Dozi ikibadilishwa kwa kufuata presha iliyopita, anza na muundo wa kutohusiana (unaochukulia uhusiano kuwa sifuri), kama Pepe na Anderson walivyoonyesha mwaka 1994. Na geepack, kifurushi cha R cha GEE, inataka mistari ya mgonjwa mmoja ikae pamoja: faili lisipopangwa, mgonjwa mmoja huhesabiwa kama wawili au watatu.